Kutoka Jinba hadi Takao: Mwongozo wa Kutembea Mgongo wa Milima ya Tengu

Swali ninaloulizwa mara nyingi kuliko yote na Waswahili wanaoishi Tokyo, wawe wanafunzi, wafanyakazi au watu waliokuja kwa mafunzo ya miezi michache, ni mlima gani wanaoweza kuupanda na kurudi siku hiyo hiyo, bila kiongozi, bila vifaa vya gharama na bila kujua Kijapani. Jibu langu halijabadilika: tembea mgongo wa milima unaounganisha kilele cha Jinba, chenye urefu wa mita 855, na kilele cha Takao, chenye mita 599, magharibi mwa jiji. Wengi hupanda Takao peke yake kwa treni ya kebo, wakapiga picha kileleni na kushuka, kisha wakasema wameuona mlima. Walichokiona ni mwisho wa safari tu.

Jambo la pili ninaloulizwa ni upande wa kuanzia, na hapa nina msimamo: anza Jinba, maliza Takao. Basi la kwenda Jinba ni adimu, kwa hiyo ni heri ulipande asubuhi ukiwa na ratiba mkononi kuliko kulisubiri jioni ukiwa umechoka na umelowa jasho. Tena upande wa Takao una treni, taa, maduka na njia iliyosakafiwa, vitu ambavyo mtu huvihitaji mwisho wa siku wala si mwanzo. Na masimulizi ya mlima huu, yaani habari za tengu, hukolea kadiri unavyokaribia Takao. Ukianzia huko utakuwa umeusoma ukurasa wa mwisho kwanza.

Aliyezoea utaratibu wa Kilimanjaro atashangaa kidogo. Hapa hakuna geti, hakuna ada ya kuingia, hakuna kiongozi wala mpagazi anayelazimishwa kwako. Uhuru huo una gharama yake: hakuna mtu anayekuhesabu unapoingia, na hakuna atakayejua kwamba hujatoka.

Tengu ni nani

Nitasema machache tu, kwa sababu bila hayo nusu ya utakavyoviona njiani havitakuwa na maana. Tengu ni kiumbe wa milimani katika masimulizi ya Wajapani. Yuko wa aina mbili zinazojulikana zaidi: tengu mkubwa, mwenye uso mwekundu na pua ndefu, na tengu mdogo, mwenye mdomo wa kunguru. Wote wana mabawa na huvaa kama yamabushi, watawa wanaofanya mazoezi ya kiroho milimani, na yule mkubwa hushika upepeo wa manyoya ambao inasemekana huamsha upepo. Waswahili wenzangu wengi humtafsiri kuwa shetani au jini. Naomba tuache jina la shetani, kwa kuwa kwenye mlima wa Takao tengu ni mtumishi wa Izuna Daigongen, mungu anayeabudiwa katika hekalu la Yakuo-in, na watu humwomba ulinzi. Humwadhibu mwenye kiburi na mwenye kuuchezea mlima, lakini pia humwongoza aliyepotea. Ukimwita tengu kwa jina lake mwenyewe, utaeleweka na kila unayekutana naye.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Viatu ndivyo vya kwanza. Huhitaji buti zito, lakini unahitaji soli yenye meno na kisigino kilichokaa vizuri. Mara yangu ya kwanza nilivaa raba za kukimbilia zilizolika soli, na kwenye mteremko wa Kagenobu, kilele kilicho katikati ya safari, uliokuwa na tope jepesi juu ya udongo mgumu, nilikaa chini mara tatu bila kupenda. Chukua pia koti la mvua hata kama utabiri unasema jua, taa ya kichwani yenye betri mpya, pawabenki, plasta za malengelenge, glavu nyepesi za nguo na nguo moja kavu ya kubadilisha.

Maji: lita moja na nusu wakati wa baridi, lita mbili au zaidi kuanzia mwezi wa tano hadi wa tisa. Mgongoni hakuna chemchemi ya kutegemea. Viko vibanda vya chai, ambavyo nitavitaja, ila vingine hufunguliwa mwisho wa wiki tu na hufungwa mvua ikinyesha.

Chakula: beba chako. Kwa anayeangalia halali hili si la hiari, kwa sababu mchuzi wa vibandani hutiwa vitu usivyoviona, na miso, mchuzi wa soya na viungo vingine mara nyingine huwa na kileo ndani. Viazi vya kuchemsha, chapati, ndizi, karanga, tende na chai ya moto kwenye chupa hukufikisha Takao bila wasiwasi.

Pesa taslimu, na uwe na sarafu za yeni 100, kwa ajili ya vyoo vya kileleni vyenye kisanduku cha mchango na kwa vibanda visivyopokea kadi. Mfuko wa taka pia ni lazima, kwa sababu mgongo mzima hauna pipa. Kila ulichopanda nacho utashuka nacho, pamoja na maganda ya ndizi.

Mwisho, ramani iliyopakuliwa kwenye simu kabla ya kutoka nyumbani. Programu ya Yamap hutumiwa sana na Wajapani wenyewe, nayo huonyesha ulipo hata pasipo na mtandao. Nakili pia majina haya, maana ndiyo utakayoyatafuta kwenye vibao: 陣馬山 ni Jinba, 景信山 ni Kagenobu, 小仏峠 ni mwanya wa Kobotoke (mwanya ni mahali mgongo unapoinama kati ya vilele viwili), 城山 ni Shiroyama, 高尾山 ni Takao. Na 巻き道 ni njia ya pembeni inayozunguka kilele badala ya kukipanda.

Hatua za safari

1. Chagua siku kwa kuangalia machweo kwanza, kisha hali ya hewa. Mwezi wa kumi na mbili jua huzama Tokyo yapata saa kumi na nusu jioni, na chini ya mierezi giza huingia mapema zaidi. Safari nzima ni kati ya kilomita 17 na 19 kutegemea njia za pembeni utakazochagua, nayo humchukua mtu wa kawaida saa sita hadi saba za kutembea bila kuhesabu mapumziko. Miezi ninayoipenda ni kuanzia katikati ya mwezi wa kumi na moja hadi wa pili, hewa inapokuwa kavu na mlima Fuji ukaonekana wazi. Fahamu tu kwamba wiki mbili za mwisho za mwezi wa kumi na moja, majani yanapokuwa mekundu, kilele cha Takao hujaa watu kama soko la sikukuu. Kiangazi kina joto kali na radi za alasiri, na simshauri anayeanza.

2. Fika kituo cha treni cha Takao kabla ya saa mbili asubuhi. Kutoka Shinjuku, kituo kikubwa cha Tokyo, treni za haraka za kampuni za JR na Keio huchukua chini kidogo ya saa moja au saa moja kamili. Kwenye jukwaa la JR utakutana na kichwa kikubwa cha jiwe cha tengu, pua imenyooka mbele, na hapo ndipo utajua kwamba umefika nchi yake. Toka kwa mlango wa kaskazini, kisha upande basi la kwenda Jinba-kogen-shita (陣馬高原下), ambalo ni kituo cha mwisho, umbali wa dakika 40 hivi. Hapa pana kosa linalowapata wenzetu hasa: ratiba za Kijapani zimeandikwa kwa saa 24, wakati kichwani mwetu tunahesabu kuanzia alfajiri. Basi la 07:30 ni la saa moja na nusu asubuhi. Katika mwongozo huu nimetaja saa za Kiswahili, kwa hiyo geuza kila saa kabla ya kuiandika kwenye simu. Angalia ratiba ya siku yenyewe, kwa sababu siku za kazi mabasi ni machache kuliko mwisho wa wiki, na likikupita moja safari yote huyumba.

3. Panda Jinba polepole. Kutoka kituoni utafuata barabara ya lami kando ya kijito kwa takriban dakika 20, kisha kibao kitakuelekeza kushoto, ndani ya msitu. Usiogope ukikipita: lami hiyo huendelea hadi mwanya wa Wada, na kutoka hapo kuna njia nyingine ya kupanda kileleni. Njia ya msituni ndiyo sehemu ngumu kuliko zote, mwinuko mfululizo kati ya mierezi iliyopandwa kwa mistari, mizizi ikiwa imejitokeza kama mishipa ya mkono wa mzee. Tembea kwa mwendo ambao unaweza kuzungumza bila kuhema. Ukihema hapa, utalipa Kagenobu.

4. Pumzika kileleni Jinba, lakini usizidishe dakika 30. Utafika takriban saa moja na nusu baada ya kushuka basi. Kilele ni uwanda wa nyasi ulio wazi, na katikati pamesimama sanamu nyeupe ya farasi anayeinua kichwa mbinguni. Jina la mlima huandikwa kwa herufi za kambi na farasi, na wapo wanaolihusisha na kambi ya kijeshi ya zama za vita, ingawa wengine husema lilitokana na mahali pa kukatia nyasi. Siku isiyo na mawingu Fuji huonekana upande wa kusini-magharibi. Kwa wanaoswali, hapa ndipo mahali pazuri kuliko pengine popote njiani: ukiutazama Fuji, kibla kiko upande wako wa kulia, kuelekea kati ya magharibi na kaskazini-magharibi. Vyoo vipo, vitumie kabla ya kuondoka.

5. Fuata mgongo kwenda mwanya wa Myoo, dakika 45 hivi. Kuanzia hapa miguu hupumzika, maana njia ni pana na laini. Wakati wa baridi, asubuhi, utaona kando ya njia udongo ulioinuliwa na vijiti vyembamba vya barafu, virefu kama kidole, vimesimama kwa maelfu na kila kimoja kimebeba punje ya udongo kichwani. Vikanyage kidogo usikie vinavyolia. Ikifika saa sita mchana vitakuwa vimeyeyuka na kuacha tope linaloteleza kama sabuni, na hiyo ni sababu nyingine ya kuanza mapema. Myoo pana kibanda cha chai ambacho mara nyingi hufungwa, usikitegemee.

6. Nenda Kagenobu, na uwe macho Dodokoro. Hii ndiyo sehemu ninayoomba uisome mara mbili. Katikati ya Myoo na Kagenobu kuna kilele kidogo kiitwacho Dodokoro (堂所山), na kutoka hapo huanza mgongo mwingine uitwao Kita-Takao, unaokwenda kuelekea magofu ya ngome ya Hachioji. Ni njia halali yenye kibao, inaonekana vizuri, na jina lake lina neno Takao ndani yake, ndiyo maana wageni huifuata wakidhani ndiyo yenyewe. Ni ndefu, ya kupanda na kushuka pasipo kikomo, haina kibanda wala choo. Kwa anayeanza, suluhisho ni rahisi: chukua njia ya pembeni inayokwepa kilele cha Dodokoro. Ukipanda kileleni, basi ondoka kwa kufuata kibao chenye jina la Kagenobu (景信山) na si kingine.

Baada ya saa moja na robo hadi saa moja na nusu kutoka Myoo utafika Kagenobu, mita 727. Inasemekana mlima ulipewa jina la Yokochi Kagenobu, mlinzi wa ngome ya Hachioji, ambayo iliangushwa na jeshi la Toyotomi Hideyoshi, mbabe wa vita aliyeiunganisha Japani, mwaka 1590. Watu wa huku husimulia kwamba siku ile wanawake wa ngomeni walijitupa kwenye maporomoko ya maji yaliyoko chini ya kasri, na kijito kikatiririka chekundu kwa siku tatu mchana na usiku. Kwenye meza za mbao za kileleni, Tokyo yote ikiwa chini yako, jaribu kula chakula chako ukitazama upande wa mashariki, ilikokuwa ngome hiyo.

Angalia saa kabla ya kuondoka. Kama ni baada ya saa nane mchana na ni majira ya baridi, soma sehemu ya matatizo hapa chini sasa hivi.

7. Shuka kwa uangalifu hadi mwanya wa Kobotoke, dakika 25 hivi. Mteremko huu ni mkali na ndipo watu huanguka. Piga hatua fupi, kunja magoti kidogo, na usishike simu. Kobotoke ilikuwa njia ya barabara kuu ya kale ya Koshu, iliyounganisha Edo, jina la zamani la Tokyo, na nchi za magharibi, na lipo jiwe la kumbukumbu linalosema kuwa Mfalme Meiji alipumzika hapa katika safari yake ya mwaka 1880. Pembeni zipo sanamu za tanuki, mnyama wa jamii ya mbwa mwenye duara jeusi kuzunguka macho, amesimama kwa miguu miwili na tumbo limemtoka. Katika masimulizi, tanuki hujigeuza apendavyo, hupiga tumbo lake kama ngoma usiku, na humzungusha msafiri mahali pamoja hadi kukuche.

Sijui njia panda inayomstahili tanuki zaidi kuliko hii. Kutoka Kobotoke njia zinashuka pande mbili, moja kwenda Hachioji na nyingine kwenda ziwa Sagami, zote pana na za kuvutia kuliko ile unayoitaka, ambayo inaendelea mbele na kupanda. Kama umetoka Kobotoke na ukajikuta unashuka kwa zaidi ya dakika tano mfululizo, rudi.

8. Panda Shiroyama, mita 670, dakika 25 hadi 30. Huko kipo kibanda cha chai kinachojulikana kwa mchuzi wa nameko, uyoga mdogo wa rangi ya kahawia unaoteleza mdomoni, unaoletwa kwenye bakuli linalokupasha mikono kabla hujaonja. Wakati wa joto watu huja kwa ajili ya barafu iliyosagwa na kurundikwa kama kichuguu. Ukiwa hapa umemaliza sehemu ngumu, na umeanza kuingia himaya ya tengu.

Masimulizi yake mengi ni ya sauti. Wakata miti wa Japani walisimulia kwamba usiku walisikia shoka, kisha mti ukipasuka na kuanguka kwa kishindo, na asubuhi hawakukuta hata tawi lililovunjika. Jambo hilo huitwa tengu-daoshi. Walisimulia pia vicheko vitokavyo juu ya miti na mawe yarushwayo na mkono usioonekana. Mtoto aliyepotea jioni alisemekana kuchukuliwa na tengu, akarudi baada ya siku kadhaa akiwa ameduwaa. Mimi niliwahi kupita baina ya Shiroyama na Takao jua likiwa limezama, upepo ukigonganisha vilele vya mierezi, na naelewa kabisa kwa nini wazee walisema usiwepo mlimani saa hiyo.

9. Endelea hadi kilele cha Takao, saa moja hivi. Njia ina ngazi nyingi za mbao na mbao za kukanyagia, ikipita Itchodaira na Momijidai. Watu huongezeka kila hatua. Wanaopanda hupewa nafasi na wanaoshuka, na kila unayepishana naye mwambie “konnichiwa”; asiyesalimu hapa huonekana kama kwetu aonekanavyo mtu anayepita barazani kwa wazee kimya. Takao ndipo inapoanzia Njia ya Asili ya Tokai, inayokwenda hadi Minoh, Osaka, umbali wa takriban kilomita 1,700. Karibu na siku fupi kuliko zote, mwishoni mwa mwezi wa kumi na mbili, jua huonekana kuzama juu kabisa ya kilele cha Fuji, na watu hukusanyika kuliona. Kama utabaki kulitazama, lazima taa iwe mkononi.

10. Shuka kwa njia namba 1, kupitia hekaluni. Zipo njia nyingine, mojawapo ikiwa namba 6 kando ya kijito, ambayo ni nzuri lakini yenye mawe yaliyolowa na haifai kwa miguu iliyochoka wala kwa giza. Njia namba 1 imesakafiwa, ina urefu wa kilomita 3.8, nayo ndiyo inayobeba masimulizi.

Utafika kwenye jengo la Izuna Gongen, lenye nakshi za rangi na lango la torii mbele yake. Torii ni alama ya Shinto, dini ya asili ya Wajapani, na hili ni hekalu la Kibudha. Mchanganyiko huu ulikuwa wa kawaida hadi serikali ilipoamuru mwaka 1868 dini hizo zitenganishwe, na Takao ni mahali ambapo bado unaweza kuuona kwa macho. Hekalu lenyewe linasimuliwa kuwa lilianzishwa mwaka 744 na mtawa Gyoki, na ibada ya Izuna Daigongen ililetwa mwaka 1375 na mtawa Shungen kutoka Kyoto. Izuna huchorwa akiwa na mdomo wa kunguru na mabawa, ameshika upanga, amesimama juu ya mbweha mweupe. Ngazi zikishuka utawakuta tengu wawili wa shaba, mwenye pua na mwenye mdomo wa kunguru. Wasimamie karibu uone mkunjo wa paji la uso. Ukibahatika utasikia baragumu la kombe la baharini likipulizwa na watawa. Jumapili ya pili ya mwezi wa tatu watawa hao hutembea juu ya makaa chini ya mlima, na wageni huruhusiwa kuwafuata.

Picha nje zinaruhusiwa, ndani ya majengo usipige. Huna wajibu wa kuabudu, lakini vua kofia na ushushe sauti.

Chini ya hekalu njia hugawanyika kwa muda mfupi. Mteremko wa wanaume una ngazi 108, idadi ya tamaa za dunia katika mafundisho ya Kibudha. Ule wa wanawake ni mlalo mpole. Mwenye maumivu ya goti achukue wa pili, awe mwanamume au mwanamke. Kisha utafika kwenye mwerezi uitwao Takosugi, yaani mwerezi wa pweza. Inasimuliwa kwamba njia ya kwenda hekaluni ilipokuwa ikitengenezwa, mizizi ya mti huu ilizuia, na iliamuliwa ukatwe. Usiku ule mti ulisikia, ukaikunja mizizi yake nyuma, na kulipokucha njia ilikuwa wazi. Itazame: imejikunja kweli, minene kama paja la mtu, kila mmoja ukirudi nyuma kama mkono wa pweza anayejikusanya kwenye mwamba. Aliyekulia pwani hahitaji kuelezwa jina hilo. Kwa karne nyingi watu wa hapa wameamini kwamba mierezi mikubwa ni makao ya tengu na kuikata ni hatari, na karne ya 16 ukoo wa Hojo uliotawala eneo hili ulipiga marufuku kukata miti ya Takao. Msitu unaouona unatokana na imani na amri hizo.

Hatua chache mbele ni kituo cha juu cha treni ya kebo, yenye mwinuko mkali kuliko reli zote za aina yake Japani, nyuzi 31 na dakika 18. Unaweza kuipanda au kushuka kwa miguu hadi kituo cha treni cha Takaosanguchi, chini ya mlima.

Ukipata matatizo

*Umechelewa.* Kutoka Kagenobu au Kobotoke unaweza kushuka kwa takriban saa moja hadi kituo cha basi cha Kobotoke (小仏), ambapo basi hukurudisha kituo cha treni cha Takao. Kutoka Myoo unaweza kushuka hadi kituo cha treni cha Sagamiko kwa saa mbili hivi. Amua ukiwa kileleni na mwanga bado upo. Baada ya Shiroyama hakuna haja ya kukatiza; nenda Takao kwa taa, taratibu.

*Huna uhakika wa njia.* Simama. Rudi hadi kwenye kibao cha mwisho ulichokiona, hata kama ni dakika 20 nyuma. Usishuke kufuata kijito kwa kudhani kitakufikisha kijijini. Mabonde ya huku yana maporomoko, na waliofuata maji ndio wanaotafutwa na waokoaji.

*Radi.* Ondoka kilele kilicho wazi, hasa Jinba, ushuke upande mmoja wa mgongo, na ukae mbali na mti uliosimama peke yake.

*Nyigu na dubu.* Nyigu wakubwa huwa wakali mwishoni mwa kiangazi na mwanzo wa vuli. Ukimwona mmoja akikuzunguka, usimpungie mkono. Rudi nyuma kimya. Nguo nyeusi na manukato huwavuta. Dubu wapo katika milima hii ingawa kuonana nao si kawaida. Kengele ndogo begini inatosha kuwajulisha kwamba unakuja. Ukimwona, usikimbie na usimpe mgongo.

*Goti au malengelenge.* Bandika plasta pale tu unapohisi joto mguuni, kabla ngozi haijainuka. Goti likianza kuuma Kagenobu, shukia Kobotoke.

*Umeumia huwezi kutembea.* Piga 119, sema “tozan” yaani kupanda mlima, na utaje kilele cha mwisho ulichopita. Mabondeni mtandao hupotea, mgongoni mara nyingi upo. Ndiyo maana jioni ya kabla ya safari unapaswa kumtumia mtu mmoja ujumbe wenye njia yako na saa utakayorejea, na kumwambia afanye nini usipompigia.

*Treni ya kebo imefungwa.* Muda wa safari ya mwisho hubadilika kulingana na majira, na wakati wa baridi huwa mapema. Hili si janga: ni dakika 40 hivi kwa miguu, njia imesakafiwa. Zima mazungumzo kidogo na uangaze juu ya mierezi. Takao wanaishi kindi warukao, wakubwa kama paka, ambao baada ya machweo hutoka kwenye matundu yao na kujiachia kutoka mti hadi mti bila sauti, wametanuka kama kitambaa kilichochukuliwa na upepo.

*Mwili mzima unauma.* Kando ya kituo cha Takaosanguchi ipo bafu ya maji ya chemchemi. Wanaume na wanawake wametengwa, lakini ndani huingia mtu bila nguo kabisa, na mwenye michoro mwilini hukataliwa. Asiyeridhika na hilo avuke aende kwenye vibanda vya tambi za soba, aulizie zenye kiazi kikuu kilichokunwa, ambacho huitwa tororo, chakula walicholishwa wasafiri wa mlima huu ili warudishe nguvu. Treni ya kwenda Shinjuku huanzia hapo hapo, kwa hiyo kiti utapata.